Uza Mafuta, Usiuze Maji



Viko vikundi vya akina mama na vijana, katika skimu za makazi za Pwani na hata za bara, ambavyo haviuzi tena mazao yao yote mabichi, bali vimeanza kutengeneza mafuta ya kujipaka, sabuni na losheni. Hili ni jambo la kusifiwa. Mwenye kuuza nazi nzima kwa mchuuzi hulipwa bei ya nazi tu. Lakini mwenye kuifua, kuikuna na kuikamua hulipwa pia ujira wa mikono yake, na chicha hubaki nyumbani ikawa chakula cha kuku. Kadhalika mwenye mizinga hupata asali na nta pamoja, na mwenye mrihani na mwasmini kando ya nyumba hupata manukato bila kununua.

Lakini katika kazi hii liko kosa moja linalorudiwa mara kwa mara, nalo yafaa lisemwe waziwazi kabla halijavunja vikundi na kudhuru ngozi za watu. Kosa lenyewe ni kuuza losheni yenye maji, iliyokorogwa jikoni, ambayo haikutiwa dawa ya kuihifadhi. Shauri letu ni hili: uza mafuta, usiuze maji. Ukitengeneza kitu cha kukaa dukani au mkobani mwa mnunuzi, kitengeneze bila hata tone la maji. Kitu chenye maji kitengenezwe siku ya kutumiwa, na kiishe siku hiyo hiyo.

Huenda ukadhani shauri hili ni la watu wa maabara. Sivyo. Ni desturi ya zamani ya kisiwa cha Mombasa, na tutaanzia huko.

Desturi ya Mji wa Kale

Ukiwa watoka Shimba Hills utaingia kisiwani kwa kivuko cha Likoni. Ukiwa watoka Tezo au Magarini utapita daraja la Nyali. Nenda mpaka Marikiti, soko la viungo kando ya Barabara ya Digo, kisha shuka vichochoro vya Kibokoni na Ndia Kuu, uelekee Ngome ya Yesu na Bandari ya Kale. Njiani utaona maduka ya udi, uturi, ubani, karafuu na hina. Vitazame vitu hivyo kwa jicho la mkulima ajuaye ghala. Karibu vyote ni vikavu, au ni mafuta matupu. Uturi huuzwa kwa tola, kipimo kidogo kisichofika gramu 12, katika chupa ndogo yenye kizibo cha kubana. Hauna maji ndani yake, ndiyo maana huweza kukaa miaka mingi bila kuoza.

Tazama na mapambo ya bibi harusi. Singo ya kumsugua mwili hufanywa kwa vitu vikavu vilivyopondwa, nayo hulowekwa kwa marashi inapokaribia kutumiwa. Liwa hutokana na kipande cha msandali. Kipande hicho husuguliwa juu ya jiwe la msio pamoja na matone machache ya maji au marashi, ikapatikana rojo kidogo ya kupaka saa ile ile. Hina nayo ni majani makavu yaliyosagwa. Hukandwa ikikaribia kupakwa, kwa sababu rangi iliyomo majanini hutoka kwa maji na ukali wa ndimu, na ikiisha kutoka haidumu. Hina iliyokandwa ikakaa siku nyingi haishiki tena mkononi.

Mabibi waliotuachia desturi hizi hawakuwa na hadubini ya kuonea vijidudu, lakini kanuni waliijua: kikavu kikae kikavu, na maji yaje siku ya kutumia. Kanuni hiyo ndiyo tunayoisahau leo tunapotaka kuiga chupa nyeupe za dukani.

Losheni ni nini

Kila mtu wa Pwani amekwisha kuiona losheni jikoni mwake, ila kwa jina jingine. Ni tui. Maji na mafuta havichanganyiki, lakini katika tui mafuta ya nazi yamegawanyika kuwa matone madogo mno yanayoelea majini, na utomvu wa protini ya nazi yenyewe huyazunguka yasishikamane. Weupe wa tui si rangi ya mafuta, wala si rangi ya maji. Ni mwanga unaotawanywa na matone yale. Tui likikaa, matone hupanda juu na kushikamana, na ule weupe huvunjika.

Losheni ya kiwandani ni jamaa ya tui. Maji yake aghalabu ni zaidi ya nusu, na mara nyingi hufika robo tatu ya chupa nzima. Mahali pa protini ya nazi hutiwa kiunganishi, yaani kitu ambacho ncha yake moja hupenda maji na ncha ya pili hupenda mafuta, hata kikayashikanisha mawili hayo. Kwa hiyo mtu anunuaye losheni kwa ajili ya weupe wake, sehemu kubwa ya fedha yake amenunulia maji.

Sasa jiulize: tui la asubuhi hukaa muda gani Mombasa bila kuchacha? Mara nyingi jioni halifai tena. Losheni iliyokorogwa jikoni hufuata njia hiyo hiyo. Vijidudu huhitaji maji, chakula na joto. Chupa yako imevipa maji na chakula, na joto la Pwani hukamilisha kazi. Huingia kwa hewa, kwa maji ya kisima, kwa mwiko, na kwa kidole cha mnunuzi kila anapofungua kopo. Hatari ni kwamba tui likichacha tunalinusa na kulimwaga, lakini losheni iliyotiwa asmini huficha uvundo. Yaweza kujaa vijidudu maelfu kwa maelfu, na bado rangi na harufu yake ikawa ile ile.

Mtu mwenye ngozi nzima huenda asione neno. Lakini losheni hununuliwa zaidi kwa ajili ya watu ambao ngozi yao si nzima: mtoto mchanga mwenye vipele, mwenye ukurutu, mwenye miguu iliyopasuka, aliyenyolewa kwa wembe. Hao ndio wanaoingiwa na vijidudu, wakapata usaha na homa. Mtoto mmoja akidhurika, jina la kikundi chenu limekwisha soko zima.

Viwanda huepuka hatari hii kwa kutia dawa ya kuhifadhi, kisha kupima. Moja ya dawa hizo ni fenoksiethanoli, ambayo desturi ni isizidi sehemu 1 katika 100. Ikipungua, vijidudu hushinda. Ikizidi, ngozi huwasha. Lazima pia ijulikane ukali wa losheni yenyewe, kwa maana dawa nyingine hufanya kazi penye uchachu kidogo tu. Kazi hiyo yataka mizani ya gramu ndogo na mtu wa kupima vijidudu, nayo haifanyiki kwa kijiko cha chai.

Maneno ya wanaopinga

Tumesikia majibu mengi ya watu wasioafiki shauri hili, nayo yafaa yajibiwe moja moja.

Wengine husema, “Sisi hutia vitamini E.” Vitamini E ni kitu kizuri. Huzuia hewa isiyaharibu mafuta upesi, lakini haiui vijidudu vya majini. Ni kama kupaka rangi mlango wa ghala na kuacha dirisha wazi.

Wengine husema, “Twatia asali, na asali haiozi.” Ni kweli kwamba asali haiozi, lakini sababu yake ni kuwa sukari yake nyingi imeyashika maji yake machache, vijidudu havipati cha kunywa. Ukiizimua kwa maji, umekwisha kuiondolea nguvu hiyo, na sasa ni chakula kitamu cha vijidudu.

Wengine husema, “Maji yetu yamechemshwa.” Kuchemsha huua vilivyomo leo, lakini hakuwezi kuzuia vitakavyoingia kesho kwa kidole. Na wasemao “tutaweka katika friji” wakumbuke kwamba baridi huchelewesha kuoza tu, tena friji ya kikundi haisafiri ndani ya basi pamoja na mnunuzi mpaka Mpeketoni.

Wako na wapendao mshubiri. Ute wa mshubiri karibu wote ni maji. Kata jani, paka, na kilichobaki kimwage. Usiufungie chupani ukauuza.

Kutengeneza mafuta yasiyo na maji

Mafuta ya nazi ni mazao bora kwa kazi hii. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya namna isiyoharibiwa upesi na hewa. Hata hivyo yana adui wawili. Wa kwanza ni maji. Mafuta ni gliserini iliyoungana na asidi za mafuta tatu. Maji na ukungu vikipata nafasi huukata muungano huo, asidi zikabaki peke yake, ndizo zinazoleta harufu mbaya na kuwasha ngozi. Adui wa pili ni hewa pamoja na mwanga, na chombo cha shaba huwasaidia. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, na mwiko mkavu.

Ukikamua kwa moto, kuna nazi zilizokomaa, kamua tui zito kwa kifumbu, liache litulie saa kadhaa, uengue sehemu ya juu iliyo nzito. Hiyo ndiyo uichemshe kwa moto mdogo. Maadamu maji yamo, utasikia mlio wa kutatarika. Usiongeze moto kwa haraka. Mlio ukikoma na mashapo yakianza kugeuka rangi ya hudhurungi, epua. Ukichelewa mafuta yataungua. Chuja kwa kitambaa kikavu, funika, acha siku mbili au tatu, kisha mimina ya juu polepole na uyaache ya chini. Ya chini tumia wewe nyumbani, usiyauze.

Ukikamua kwa mbata, ukaushaji ndio kazi yenyewe. Nyama ya nazi mbichi karibu nusu yake ni maji, na mbata nzuri yapasa ibaki na kiasi cha sehemu 6 tu katika 100. Mbata yenye ukungu mweusi au wa kijani isikamuliwe mafuta ya mtu. Itupe.

Kiko kipimo rahisi cha kujua kama maji yamekwisha. Tia mafuta kijiko kimoja katika kijiko kikavu cha chuma, upashe moto kidogo. Yakitatarika, maji bado yamo. Rudisha yote motoni. Yakinyamaza, yako tayari. Chupa nazo zioshwe, zichemshwe, zikaushwe kabisa, mpaka usione hata ukungu wa mvuke ndani yake. Wengi hutengeneza mafuta safi wakayatia katika chupa mbichi, na kazi yote ikapotea.

Ukitaka harufu ya asmini au mrihani, usitie maua mabichi chupani, kwa maana ua bichi ni kifuko cha maji. Yaanike kivulini mpaka yanyauke, yaloweke katika mafuta siku moja, yachuje, kisha fanya tena kile kipimo cha kijiko.

Wanaopenda kitu kizito cha kupaka watengeneze marhamu ya nta. Pima mafuta sehemu 4 na nta safi ya nyuki sehemu 1, kwa uzito, si kwa kikombe. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, bila kuyaruhusu maji yaingie. Nta huyeyuka penye joto la digrii 62 hadi 64, kwa hiyo haihitaji moto mkali. Ikiisha kuyeyuka, dondosha tone juu ya sahani baridi. Likiwa laini mno ongeza nta kidogo. Likiwa gumu ongeza mafuta. Marhamu hiyo haina maji, nayo hufunika ngozi na kuzuia maji ya ngozi yenyewe yasipotee, ambayo ndiyo kazi iliyotakiwa kwa losheni tangu mwanzo. Mwelekeze mnunuzi aipake mara atokapo kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Maji yake atayapata bombani bure, na kwako atanunua mafuta.

Neno moja kwa wauzao bara. Mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya digrii 24 hivi. Mombasa huwa maji karibu mwaka mzima, ila asubuhi nyingine za mwezi wa Julai. Lakini yakifika Ol Kalou au Kinangop hugeuka meupe na magumu, na mnunuzi asiyejua hudhani ametiliwa kitu. Andika juu ya chupa: “Huganda penye baridi. Si kasoro.” Maneno hayo machache yatakuokoa na magomvi mengi.

Si kila kitu cha shambani ni salama

Watu hupenda kusema, “Hiki ni cha asili, hakidhuru.” Upupu pia ni wa asili. Maji ya ndimu ni makali kuliko ngozi inavyoweza kuvumilia, tena ndimu ina vitu ambavyo vikipakwa mtu akatoka juani huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi. Usiitie katika mafuta ya uso. Mafuta ya karafuu yaliyokamuliwa kwa mvuke ni yuginoli kwa sehemu kubwa, nayo yakipakwa matupu huchoma. Matone machache katika chupa nzima yatosha, na kwa watoto wachanga usiyatie kabisa.

Hina ya majani haina lawama kwa watu wengi. Lakini piko, ile rangi nyeusi ya nywele inayochorwa mikononi, huwa na kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo imewatia watu malengelenge na makovu. Kikundi kinachouza hina kisiichanganye na piko ili kupata weusi wa haraka.

Na lililo baya kupita yote ni kununua krimu ya kuchubua ngozi na kuichanganya na mafuta yenu ili yauzike. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, lakini hupenya mwilini ikaharibu figo. Kenya ilizipiga marufuku krimu za zebaki na za haidrokwinoni mwaka 1998, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza vipodozi vilivyotiwa zebaki kati ya nchi na nchi. Bado huonekana sokoni kwa siri. Mwenye kuzitia katika mafuta ya nazi amechukua jina jema la shamba lake akalifunika sumu.

Soko na daftari

Mafuta ya kuuza madukani yapasa yawe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Msiogope kwenda kuuliza. Mtakaguliwa usafi wa mahali na bidhaa itapimwa. Kikundi chenye vitu viwili visivyo na maji, mafuta na marhamu, kina mambo machache ya kusahihisha kuliko chenye losheni za rangi kumi. Ofisa wa kilimo wa kata na kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Mtwapa waweza kuwashauri juu ya minazi na mazao yake.

Kila chupa iwe na jina la bidhaa, vitu vilivyomo, uzito, tarehe ya kutengenezwa, jina la kikundi na namba ya pishi. Namba ya pishi iandikwe pia daftarini: nazi ngapi zilikunwa, mafuta yalipatikana kiasi gani, nani alipima kijiko. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tena wekeni chupa moja ya kila pishi katika kabati lenu, mwitazame na kuinusa kila mwezi. Hiyo ndiyo itakayowaambia mafuta yenu hukaa muda gani. Msiandike miezi 12 kwa kukisia tu.

Basi, ndugu mkulima, usione haya kwamba chupa yako si nyeupe kama ya dukani. Uturi wa Ndia Kuu nao si mweupe, na watu huufuata toka mbali. Mafuta yako yakiwa makavu, safi, yenye jina na tarehe, mnunuzi atarudi mwenyewe na jirani yake. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.